Chenga Hizi ni za Joto au za Mashine?

Majira ya joto ya mwaka 2023 yalikuwa makali kuliko yote ambayo Japani ilikuwa imeyapima hadi wakati huo, tangu takwimu zake zianze mwaka 1898. Mkoani Niigata, kwenye mashamba ya Koshihikari, mbegu iliyotoka mwaka 1956 na inayoheshimiwa nchini humo kuliko nyingine zote, wakaguzi walimimina punje kwenye sahani zao wakaanza kuzitenga. Huko, ili mpunga upate daraja la kwanza, angalau asilimia 70 ya punje lazima ziwe nzima na zilizokamilika. Mwaka ule Koshihikari ya Niigata iliyopata daraja hilo haikufika asilimia 5. Miaka ya kawaida huwa karibu robo tatu au zaidi.

Mashamba hayakuungua. Kwa hesabu ya nchi nzima, mavuno kwa hekta yalikuwa ya kawaida. Kilichoharibika kilikuwa ndani ya punje: badala ya kung'aa na kupitisha mwanga, ilikuwa nyeupe kama chokaa, na ilipokobolewa ikavunjika. Mwezi Agosti 2024 rafu za mchele zilikuwa tupu katika maduka mengi ya Japani, na punje zile zilizotoa mchele mchache kinuni zilikuwa mojawapo ya sababu.

Je, jambo hilo linatuhusu sisi wa Kilombero, Dakawa na Moshi hapa Tanzania? Nimewaketisha watu wanne pembeni ya mashine ya kukoboa mjini Ifakara ili walijadili. Si watu mahususi. Ni misimamo minne ninayoona inastahili kusikilizwa hadi mwisho, na mwishoni nitasema uamuzi wangu.

MWENYE MASHINE: Ya Japani ni ya Japani. Mimi chenga zangu nazijua zinakotoka. Mkulima anauacha mpunga shambani wiki mbili zaidi ya siku yake. Mchana unakaukia juani, usiku unanyweshwa umande, kesho yake jua tena. Punje inapasuka ikiwa bado kwenye suke. Akishavuna, anauanika kwenye ardhi tupu tangu asubuhi hadi jioni bila kuugeuza. Unafika kwangu tayari una nyufa, ukivunjika nalaumiwa mimi.

MKULIMA: Tajiri, usianzie kwangu. Nachelewa kuvuna kwa kuwa kombaini ni moja na inazunguka kata nzima, na vibarua wa kukata kwa mkono nao wanagombaniwa. Halafu tuseme ukweli: mashine yako ya kwanza, ile ya chuma tupu, imevunja mpunga wangu mara nyingi. Tangu ulete ya mipira chenga zimepungua. Kwa hiyo wewe mwenyewe unajua kwamba mashine nayo ina lake.

MWENYE MASHINE: Hilo silikatai, mzee wangu.

MTAFITI: Shikamoo, mzee. Naomba niingie hapo. Yote mliyosema ni kweli. Mpunga ukivunwa ukiwa na unyevu wa asilimia 20 hadi 22, ukaanikwa taratibu mpaka asilimia 14, huvunjika kidogo kuliko uliosahauliwa shambani. Na mashine ya chuma huvunja kuliko ya mipira. Ila kuna chenga ya tatu ambayo hamjaitaja. Inatokana na punje iliyokuwa dhaifu tangu ikiwa na maziwa, kabla mzee hajafikiria kunoa mundu.

MKULIMA: Binti yangu, sasa umenipa ya kunichelewesha nyumbani. Eleza.

MTAFITI: Mpunga ukishachanua, majani na shina hupeleka sukari kwenye punje. Ndani ya punje vimeng'enya huigeuza sukari hiyo kuwa wanga. Chembe za wanga zinapojengwa kwa utulivu hubanana pembe kwa pembe, hewa haipati nafasi, mwanga unapita, na ndiyo maana mchele mzuri unaonekana kama kioo. Joto likizidi, kazi inakwenda mbio na muda wa kujaza punje unafupika. Baadhi ya vimeng'enya vinavyojenga wanga hupungua nguvu, na kile kinachovunja wanga, ambacho kazi yake hasa ni wakati wa kuota, huanza kufanya kazi mapema. Chembe zinabaki za duara, zimeachana, kama tofali zilizopangwa bila udongo katikati. Hewa iliyobaki kwenye mianya ndiyo inayotuonyesha weupe ule. Na mianya hiyohiyo ndiyo inayoachia punje inapobanwa na mashine.

MWENYE MASHINE: Joto kiasi gani? Hapa kwetu joto ni kila siku.

MTAFITI: Kwa mbegu za Japani, wastani wa kutwa, yaani mchana na usiku pamoja, ukipita nyuzi 26 au 27 katika siku 20 hivi baada ya masuke kutoka, weupe unaanza kuongezeka. Mbegu zetu za ukanda wa joto zinavumilia zaidi, na zinatofautiana zenyewe kwa zenyewe. Ndiyo maana siwezi kukupa namba moja ya kila shamba.

MKULIMA: Basi sisi tumenusurika. Mpunga wetu wa masika unachanua Aprili. Mawingu yapo, mvua zipo, hewa imepoa. Unakomaa Mei na Juni, ambapo usiku hata shuka tunatafuta.

Hapa namkatisha mzee kwa muda, kwa sababu amegusa jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mjadala wote. Mpunga wa masika una kinga ya kalenda. Mababu waliipata kinga hiyo kwa kufuata mvua tu, bila kipimajoto. Lakini leo kila mtu anahimizwa alime mara mbili. Mifereji inachimbwa, mabwawa yanajengwa, na mpunga wa pili, ule wa umwagiliaji, unapandikizwa Julai na Agosti. Huo unachanua Oktoba na Novemba, miezi ambayo bonde la Kilombero linachemka kuliko wakati wowote wa mwaka. Kwa kuongeza maji tumeutoa mpunga kwenye ubaridi tukauingiza kwenye joto, na sijaona skimu inayomweleza mkulima hivyo wakati anapopewa ratiba ya maji.

MTAFITI: Mzee, huo mpunga wako wa pili mwaka jana ulitoaje?

MKULIMA: Majani yalikuwa mazuri ajabu. Masuke yakasimama. Unajua suke lenye mali huinama, lakini haya yalisimama wima. Kupepeta, nusu mapepe. Bwana shamba akasema ni mbegu, jirani akasema ni wadudu.

MTAFITI: Huenda ni wadudu. Huenda ni maji yalikatika. Lakini niulize: siku za kuchanua jua lilikuwaje?

MKULIMA: Kali. Saa nne asubuhi huwezi kusimama jarubani bila kofia.

MTAFITI: Saa nne ndiyo saa yenyewe. Ua la mpunga hufunguka mara moja tu maishani, kati ya saa tatu asubuhi na saa sita mchana kwa kawaida, na hukaa wazi kama saa moja hivi. Katika muda huo vifuko vya chavua vinatakiwa vipasuke, chavua ianguke kwenye sehemu ya kike, na mbegu itungwe. Ua likipata joto la nyuzi 35 na zaidi katika saa hiyo, vifuko havipasuki vizuri. Ua linajifunga likiwa halina kitu. Ganda litakua kama mengine, lakini ndani hakuna punje. Hilo ndilo pepe. Na mvua ikija mchana huo huo saa nane, haisaidii tena ua la asubuhi.

MWENYE MASHINE: Dada, hapo nakupinga. Nina ndugu yangu alifanya kazi Senegali. Kule kwenye bonde la Mto Senegali wanalima mpunga katika joto la nyuzi 40, na wanavuna kutushinda.

MTAFITI: Wanavuna, kaka, na sababu yake ni nzuri kuijua. Kinachoua ua ni joto la ua lenyewe, na halilingani na la hewa. Pale hewa ni kavu. Mpunga wenye maji ya kutosha miguuni hutoa mvuke kwa wingi, na mvuke ule hulipoza suke likawa chini ya hewa kwa nyuzi kadhaa. Kusini mwa Australia pia wanalima mpunga katika joto kali na kavu kwa njia hiyo. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi mvuke hautoki vizuri, na suke linaweza hata kuzidi joto la hewa. Kwa hiyo nyuzi 36 za bonde lenye unyevu zinaweza kudhuru kuliko 40 za jangwani.

MKULIMA: Na maji yakikatika?

MTAFITI: Basi hata wa jangwani anakwisha. Niigata mwezi Agosti 2023 mvua karibu haikunyesha, na maji ya kumwagilia yakapungua wakati punje zinajaa. Joto na kiu vilikuja pamoja.

MKULIMA: Hapo tumefika kwangu. Zamu ya maji. Mimi niko mwisho wa mfereji. Wa juu wanapata maji wiki ya kwanza, mimi napata wiki ya tatu au ya nne. Kwa hiyo mpunga wao unachanua kabla joto halijakomaa, na wangu unakutana nalo uso kwa uso. Hiyo unayoiita ratiba ya maji, kwangu mimi ni ratiba ya joto.

Sina la kuongeza kwenye maneno hayo isipokuwa kwamba kamati za maji zinapaswa kuyasikia.

MAMA LISHE: Nyie mnaongea shamba na mashine. Mimi nikae kimya? Mchele unaishia kwangu. Kuna gunia ukilipika, wali unachambuka, mteja anakuja kesho. Kuna gunia la jina lilelile, Supa ileile, bei ileile, ukilipika linashikana, punje zinapasukia majini. Harufu ipo kidogo tu. Mteja haniulizi joto la Oktoba. Ananiuliza, mama leo umetupikia nini?

MTAFITI: Mama, umeeleza sawasawa. Wanga wa mchele una sehemu mbili kubwa. Ile inayofanya wali uchambuke hupungua punje ikijaa kwenye joto, ndiyo maana unashikana. Sehemu ya pili nayo hujengwa tofauti, na mara nyingi mchele huo hutaka moto zaidi ndipo wanga wake uive. Punje ya chokaa hunywa maji upesi kupitia mianya, nje inalainika na kupasuka wakati nyingine hazijaiva. Na harufu pia hupenda ubaridi. Basmati 370, ile ambayo wenzetu wa Mwea nchini Kenya wanaiita Pishori, inasifika kwa harufu, na uwanda wa Mwea uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Kenya.

MWENYE MASHINE: Basi tuuchemshe mpunga kabla ya kukoboa, kama wanavyofanya India, Bangladeshi na Afrika Magharibi. Nimesoma kwamba mpunga ukilowekwa, ukachemshwa na maganda yake, ukaanikwa tena, nyufa zinaziba na weupe unatoka.

MTAFITI: Ni kweli kabisa. Mvuke huivisha wanga ndani ya ganda, mianya inafungwa, na chenga hupungua sana.

MAMA LISHE: Na harufu?

MTAFITI: Nyingi huondoka. Rangi nayo huwa ya manjano kidogo.

MAMA LISHE: Basi mpeleke huko huko. Mimi nikipika pilau isiyonukia, wateja watahamia kibanda cha pili.

Mama amefunga mlango huo haraka, na naona ana haki. Kuchemsha kunafaa kwa mpunga ulioharibika tayari. Hakuwezi kuwa jibu la kwanza katika nchi ambayo mchele wake unauzwa kwa harufu.

MKULIMA: Daktari, ulisema "mchana na usiku pamoja". Mchana naelewa. Usiku jua halipo. Usiku unadhuru nini?

MTAFITI: Usiku mmea unapumua, na kupumua kunatumia sukari iliyotengenezwa mchana. Usiku ukiwa na joto, sukari nyingi zaidi inachomwa na inayofika kwenye punje inapungua. Kwenye taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, huko Los Baños nchini Ufilipino, walilinganisha mavuno ya mashamba yao ya majaribio ya mwaka 1992 hadi 2003 na joto la msimu. Ripoti yao ya mwaka 2004 ilisema kwamba kila joto la chini kabisa la usiku lilipopanda nyuzi moja, mavuno ya kiangazi yalishuka kwa asilimia 10.

MWENYE MASHINE: Asilimia 10 kwa nyuzi moja? Hiyo ni kubwa mno. Usiku wenye joto mara nyingi ni usiku wa mawingu, na kukiwa na mawingu hata mchana jua ni hafifu. Utajuaje kwamba kilichopunguza mavuno si mwanga?

MTAFITI: Swali hilo hilo wanasayansi wengine waliliuliza miaka miwili baadaye, na ni swali la haki. Kiasi kamili bado kinabishaniwa. Lakini kuhusu ubora, ushahidi wa usiku ni mzito. Mwaka 2010 jimbo la Arkansas, linalolima mpunga kuliko jimbo lolote Marekani, lilikuwa na usiku wenye joto lisilo la kawaida wakati punje zinajaa. Mavuno yalipofika vinuni, mchele mzima uliotoka ulikuwa mchache kupita kawaida, na weupe ulikuwa mwingi. Mbegu zilikuwa zilezile na vinu vilevile.

MWENYE MASHINE: Sawa. Nakubali kuna chenga ya tatu. Lakini gunia likifika hapa, nitaijuaje? Yote ni chenga. Mkulima atasema ni mashine, mimi nitasema ni yeye, wewe utasema ni joto, na kila mtu ataondoka na haki yake.

MTAFITI: Kabla hujawasha mashine, chukua punje mia kutoka katikati ya gunia. Zimenye kwa mkono, taratibu. Ziweke juu ya kioo na utie mwanga wa tochi kwa chini. Punje angavu yenye mstari unaokata upana wake imepasuka: hiyo ni ya kuchelewa kuvuna au ya kuanika vibaya. Punje yenye weupe unaozuia mwanga, tumboni, mgongoni au katikati, imedhoofika ikijaa: hiyo ni ya shambani, na joto ni mshukiwa mkubwa. Ikiwa nyingi ni safi kwa mkono, na bado zinatoka chenga, kaka, kagua mipira yako.

MWENYE MASHINE: Mshukiwa, hukusema mwenye kosa.

MTAFITI: Kwa sababu kuna mbegu ambazo tumbo jeupe ni maumbile yake hata kwenye baridi. Na mpunga wenye njaa ya mbolea mwishoni nao hutoa weupe. Ulinganishe mbegu na mbegu ileile, msimu na msimu.

MKULIMA: Njaa ya mbolea ipi? Mimi naweka yuria.

MTAFITI: Unaiweka lini, baba?

MKULIMA: Wiki ya tatu baada ya kupandikiza. Yote.

MTAFITI: Wajapani walipunguza naitrojeni ya mwisho kwa miaka mingi kwa sababu mchele wenye protini kidogo una ladha wanayoipenda. Joto lilipokuja, mpunga huo uliodhoofika ndio uliotoa migongo myeupe mingi zaidi. Sasa wanashauriana kurudisha kiasi kidogo mpunga unapobeba mimba. Usiongeze mfuko, mzee. Gawanya huo ulio nao, na kipande kingine kingoje mimba.

MKULIMA: Hilo naweza. Hilo halihitaji mkopo.

MTAFITI: Na la pili, mpunga ukichanua hadi maziwa yakikauka, jaruba lisikose maji. Ukiweza kuingiza maji mapya jioni, yapoze udongo na mizizi usiku, afadhali zaidi.

MKULIMA: Hilo siliwezi peke yangu. Hilo ni la kamati.

MWENYE MASHINE: Na mbegu? Niigata walifanyaje?

MTAFITI: Mkoa uleule, mwaka uleule wa 2023, walikuwa na mbegu nyingine iitwayo Shinnosuke, iliyotafutwa makusudi ivumilie joto. Zaidi ya asilimia 90 yake ilipata daraja la kwanza, huku Koshihikari ikianguka. Ilichukua karibu miaka 10 kuitafuta kabla haijafika sokoni mwaka 2017. Kwa upande wa maua, kuna N22, mbegu ya zamani ya India ambayo maua yake huvumilia joto. Na watafiti wametoa kwenye mpunga pori wa aina ya Oryza officinalis sifa ya kufungua ua mapema, wakaihamishia kwenye IR64. Ua hilo hufunguka saa moja na nusu hadi mbili kabla ya mengine, kukiwa bado na ubaridi.

MAMA LISHE: Inanukia?

MTAFITI: IR64 hainukii, mama. Lakini sifa ya ua na sifa ya harufu si maadui. Zinaweza kuunganishwa kwenye mbegu moja, mtu akipewa muda na fedha.

Basi uamuzi wangu. Mwenye mashine ameonyesha kwamba chenga nyingi tunazozilalamikia leo zinatokana na kuvuna na kuanika, na hizo tuzishughulikie mwaka huu bila kungoja mtafiti yeyote. Lakini amekosea kusema ya Japani ni ya Japani. Kila skimu inayoanzisha msimu wa pili katika bonde la joto inapeleka ua na punje kwenye miezi ambayo mpunga wa mababu haukuijua, na kumpima mkulima kwa magunia pekee kunaficha hasara mpaka siku ya kukoboa. Aliyeko mwisho wa mfereji ndiye atakayeumia kwanza.

Kwa kamati za maji: pangeni zamu mkihesabu nyuma kutoka tarehe ya kuchanua, na wa mwisho wa mfereji awe na sauti katika kuipanga. Kila skimu iwe na kipimajoto cha kuonyesha joto la juu na la chini la kila siku, na daftari la kuliandika. Kwa vituo vyetu vya utafiti, Dakawa na Ifakara: mbegu mpya ikitangazwa, mkulima aambiwe si tani kwa hekta tu, aambiwe pia asilimia ya mchele mzima na ya punje nyeupe ilipojazwa kwenye joto la Novemba. Kama jaribio hilo halijafanyika, lifanyike kabla ya mbegu kupitishwa. Na kwa wenye mashine: wekeni kioo na tochi mezani, mnunuzi na mkulima wahesabu punje mia mbele ya macho yao kabla bei haijatajwa.

Kutafuta mbegu moja kunachukua kama miaka 10. Atakayelima msimu wa pili mwaka 2035 anategemea kazi inayoanza sasa.